Nyumba ya mbao: namna ya kuitengeneza upya ndani bila kuhatarisha familia

Ukifuata barabara ya Goma–Rutshuru, kuanzia Kibumba na Rugari mpaka Rumangabo, nyumba nyingi unazoziona ni za mbao na manjanja. Kuko zenye zimesimama miaka mingi. Kuko zingine zilibaki bila mtu, juu tangu 2022 familia nyingi za huku zilikimbilia Kanyaruchinya na makambi mengine karibu na Goma. Mwanzoni mwa 2025 makambi hayo yalivunjwa, watu wakarudi. Mwenye nyumba anafungua mlango anakuta sakafu imeoza, plafo imeanguka, mbao zingine zimeng'olewa. Aanzie wapi?

Kwa nini mbao?

Udongo wetu ni mawe ya volkano. Kuchimba msingi ndani yake ni kazi ngumu na ya bei. Nyumba ya mbao haina uzito, inavumilia mitetemeko ya ardhi kuliko ukuta wa matofali uliojengwa vibaya, na mwenye kukodi parsele anaweza kuibomoa na kuisimamisha fasi ingine. Kisha Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kupita katikati ya Goma, watu wengi walijenga mbao juu ya lava yenyewe.

Mbele ya kushika nyundo

Zunguka parsele polepole. Fasi kulipiganwa, kunaweza kubaki bomu ao risasi katika majani, chini ya sakafu, hata juu ya plafo. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikichome, usikitupe. Weka alama kwa mbali, kataza watoto kufika pale, kisha julisha viongozi wa mtaa ili wenye kazi hiyo waitwe.

Maji ndiyo ya kwanza

Watu wengi wanaanza na rangi, na hapo ndipo wanapoteza franka zao. Hata mbali na hapa ni vile. Kule Kanada, mwaka 1968, walianza kutengeneza Boler, kanyumba kadogo ka magurudumu kanakovutwa na gari kwa safari. Mwili wake ni wa faibaglasi, hauozi. Lakini wenye kutengeneza upya tunyumba twa aina hiyo leo wanakuta mara nyingi maji yalipita pembeni ya dirisha yakaozesha mbao za ndani. Kwetu pia, tafuta kwanza maji yanapita wapi.

Ingia ndani mchana, funga mlango na madirisha, angalia juu: kila tundu la manjanja litaonyesha mwangaza. Karibu na volkano, mvua inachanganyika na moshi wake inakuwa na asidi, ndiyo maana manjanja inaliwa na kutu haraka. Badilisha yenye imetoboka, usitegemee shitingi kwa miaka.

Sakafu

Toboa-toboa mbao za sakafu kwa bisibisi, zaidi pembeni ya ukuta na karibu na mlango. Fasi inapoingia kwa urahisi, ubao umeoza. Ng'oa, kisha angalia miti inayobeba sakafu. Hiyo ikiwa imeoza, kupigilia ubao mpya juu yake ni kuficha ugonjwa. Miti hiyo ikae juu ya mawe, isiguse udongo, na upepo upite chini.

Mbao mbichi ya mikaratusi inajikunja na kuacha nafasi. Ipange kivulini na vijiti katikati ya kila ubao, iache ikauke majuma kadhaa. Nunua mbao ya miti iliyopandwa: miti ya Parke ya Virunga, ambayo makao yake makuu yako hapa Rumangabo, inalindwa na sheria. Mafuta ya zamani ya gari watu wanayapaka kwa miti ya nje dhidi ya mchwa; usiyapake ndani, yananuka na yanasaidia moto.

Ukuta, plafo na hewa

Wengi wanabandika kartoni ao magazeti kwa kuzuia baridi. Inasaidia kweli, lakini moto ukiigusa inawaka haraka sana. Ni vizuri zaidi kufunika nafasi za katikati ya mbao kwa vijiti virefu vya kupigilia, na kwa mwenye uwezo, kuweka tripleksi. Acha tundu za hewa juu, chini ya manjanja. Ukiziba kila kitu, pumzi ya watu inageuka maji usiku, na ukuta unaanza kuoza tena.

Angalia pia nzia ya kutokea. Kama dirisha la chumba cha kulala lina antivole, iwe ya kufunguka kutoka ndani. Mama mwenye watoto wane asitegemee mlango mmoja ulio kando ya jiko.

Mbabula, umeme na mazuku

Jiko likae nje ama katika kajumba kake. Mbabula usiiingize ndani kulala nayo, hata kama makala inaonekana imekufa. Inatoa gesi ya monoksidi isiyo na harufu wala rangi: mtu anasikia kichwa kinauma na usingizi, kisha haamki.

Waya za umeme zisipigiliwe misumari katikati, na maungio yakae ndani ya kisanduku, si kufungwa kwa plastiki tu. Ita fundi anayejulikana.

Kwa ndugu wa Goma na upande wa Sake, kuko pia mazuku, gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, inajikusanya katika mabonde na mashimo. Kuinua sakafu hakutoshi. Kama parsele iko fasi ya chini ambapo kuku ao mbuzi wanakufa bila sababu, usitengeneze kitu pale mbele ya kuuliza Observatwari ya Volkano ya Goma.

Mwisho kabisa

Paa halivuji, sakafu ni ngumu, hewa inapita: sasa fikiria rangi, meza ya kukunja, kitanda chenye sanduku chini kwa kuweka nguo. Kama franka hazitoshi kwa yote, tengeneza chumba kimoja vizuri, familia ilale pakavu, vingine vitafuata. Haba na haba hujaza kibaba.