Methali za Kiswahili kama Ushahidi wa Historia

Mnamo mwaka wa 1891 shirika la SPCK la London lilichapisha African Aphorisms, mkusanyo wa methali za Waswahili uliotayarishwa na W. E. Taylor, mmisionari wa CMS aliyekaa Mombasa na kujifunza Kimvita kwa bidii iliyokuwa adimu miongoni mwa wageni wa zama zake. Kwa mwanahistoria wa lugha, kitabu hicho kina thamani isiyohusiana na mahubiri: kilinasa usemi wa Mombasa miaka thelathini na saba kabla ya mkutano wa 1928, uliofanyika katika mji huo huo na kuiteua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Methali huhifadhi maneno ambayo mazungumzo ya kila siku yamekwisha kuyatupa. Ichukuliwe hii: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni chini kabisa ya chombo, mahali yanapokusanyika maji yanayovuja. Mwanafunzi wa bara huelezwa kwamba maana yake ni "mtu hurudi kwao," akaridhika (na si ajabu akadhani kwamba tezi ni ule uvimbe wa shingoni). Lakini methali yenyewe ina ukali kuliko maelezo hayo. Baharia atembee apendavyo juu ya chombo, mwisho atateremka kwenye maji machafu ayafue. Ndivyo ilivyo pia kwa "Dau la mnyonge haliendi joshi." Asiyejua kwamba kwenda joshi ni kuukabili upepo kwa tanga hawezi kuiona dhuluma iliyomo: mnyonge hungoja upepo umpendelee.

Upande wa mikopo ni mgumu zaidi. Husemwa "Haraka haraka haina baraka," na yeyote ajuaye Kiarabu hutambua mara moja kwamba maneno mawili makuu ya methali hii yametoka huko. Ajabu ni kwamba Waarabu wana msemo usemao kuwa katika haraka mna baraka! Wako waliotamani kuona hapa tofauti ya tabia za mataifa mawili, mmoja mwepesi na mwingine mzito. Huko ni kukosea. Katika Kiarabu haraka ni mwendo, yaani mtu kujishughulisha. Pupa huitwa kwa neno jingine, ajala, nayo hulaumiwa na Waarabu kama inavyolaumiwa na Waswahili. Kilichobadilika ni maana ya neno lilipofika pwani. Yaelekea kwamba Waswahili walipokea mlingano wa sauti, wakautia fikira iliyoafiki maana mpya.

Makusanyo mengi yaliyofuata yamepanga methali kwa abjadi na kuambatisha fasiri moja kwa kila methali, kana kwamba usemi huu huu haumkejeli mtu leo na kumliwaza kesho. Mpango huo humfaa mtahini. Mtafiti anahitaji kujua nani alisema, alimwambia nani, na kwa kadhia gani. Na kwa methali za baharini, inampasa aanze kuuliza kwa mafundi na manahodha wa Lamu, ambao kwao ngama bado ni mahali pa kufuliwa maji.