Mpimaji Naye Apimwe

Tumchukue mzee wa Kiswere, kwenye ghuba ile iliyo baina ya Kilwa Masoko na Lindi. Amekwenda zahanati kwa sababu ya homa, naye amepimwa homa. Je, mhudumu atakumbuka pia kumpima presha? Atamuuliza kama anavuta sigara? Wengi wetu tungeshangaa kuulizwa hivyo, kwani tumezoea kuamini kwamba moyo ni ugonjwa wa wakubwa wa mjini.

Imani hiyo ina historia yake. Mwaka 1929 Daktari Donnison, aliyekuwa Kisii nchini Kenya, alichapisha matokeo ya kuwapima presha Waafrika 1,000. Aliona kwamba presha yao haikupanda na umri kama ya Wazungu. Mwaka 1956 madaktari Trowell na Singer wakaandika, kutoka Uganda, juu ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, naye alitosha kuwa habari katika jarida la kitabibu!

Donnison aliandika alichokipima. Balaa ilianza pale vipimo vya watu wa mahali pamoja na wakati mmoja vilipogeuzwa kuwa kanuni ya Waafrika wote. Daktari asiyetarajia ugonjwa hautafuti. Asiyeutafuta hauoni. Kisha huko kutouona kunafanywa ushahidi kwamba haupo.

Wakati huo maisha yalikuwa yakibadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia watu waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, ukaonyesha kwamba presha ilipanda mapema baada ya kufika mjini. Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, ana presha ya juu.

Basi tutajuaje kama waganga wetu wamebadilika pamoja na maradhi? Njia ya kwanza ni kuwapa mtihani. Lakini mtihani hupima kilichomo kichwani tu. Watafiti Leonard na Masatu walikwenda Arusha, wakawapa matabibu habari za wagonjwa wa kubuni, kisha wakawatazama wakiwahudumia wagonjwa halisi. Waligundua kwamba mengi yaliyojulikana hayakutendwa. Tena, katika taarifa yao ya mwaka 2006, walionyesha kwamba kazi ilikuwa nzuri zaidi mtazamaji alipoingia chumbani, na baada ya wagonjwa kadhaa ikarudi ilikotoka. Uchunguzi huo haukuhusu moyo peke yake, ila funzo lake linauhusu sana moyo, maana presha huua bila kubisha hodi. Mgonjwa wa malaria hutetemeka. Mwenye presha hucheka na wenzake barazani mpaka siku ya kiharusi.

Tusimtwishe mganga lawama zote. Uchunguzi wa vituo 24 vya kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba maandalizi ya kutibu presha na kisukari yalikuwa nyuma ya yale ya Ukimwi, hasa katika zahanati. Mtu hawezi kuwa na mazoea ya kutumia kifaa asichokuwa nacho.

Hata hivyo, visingizio vinapungua. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya, zikiwemo za kanda yetu ya Afrika Mashariki, za kukadiria hatari ya moyo na kiharusi kwa miaka 10 ijayo. Ipo chati isiyohitaji maabara. Inataka umri, jinsia, uvutaji wa tumbaku, presha, na uzito ukilinganishwa na urefu. Mizani, futi na kipimo cha presha vinatosha.

Kwa hiyo, wakaguzi wanapotembelea zahanati wasiishie kuhesabu dawa kabatini. Wafungue daftari la wagonjwa, watazame ni watu wazima wangapi walioandikiwa presha siku ambayo hakuna mgeni aliyekuwa akitazama. Nawe msikilizaji, utakapokwenda kutibiwa kikohozi, nyoosha mkono useme: daktari, na presha pia.