Idhini ya Safari: Kutoka Mashua ya Sultani Hadi Simu ya Mkononi

Mtu anayekusudia kwenda London, New York au Sydney kwa siku chache, au mgeni wa mbali anayekusudia kuja Nairobi au Mombasa, awe ni mfanyabiashara, mtalii, au mtu anayekwenda kuhani msiba wa jamaa yake, aghalabu hukuta siku hizi kwamba safari yake yaanzia nyumbani kwake, mbele ya kioo cha simu au kompyuta, anapojaza jina lake, nambari ya pasipoti yake, mahali atakapofikia na sababu ya kwenda kwake, akalipa ada, kisha akangoja jibu. Jibu hilo ndilo idhini ya kusafiri itolewayo kwa mtandao, na msafiri aliyewajibishwa kuwa nayo, akiikosa, shirika la ndege halimpandishi. Wengi hudhani kuwa utaratibu huu ni uzushi wa juzi, na kwa upande wa vyombo vyake wanasema kweli. Lakini maswali yenyewe ni ya kale, na katika pwani yetu ya Afrika Mashariki yana habari iliyoandikwa karibu karne saba zilizopita.

Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tanja aliyepita pwani hii mwaka 1331 akielekea Mombasa na Kilwa, ametuachia maelezo ya desturi ya Mogadishu. Chombo kilipowasili bandarini, mashua ya sultani ilitoka kwenda kukilaki, na waliokuwamo wakauliza chombo kimetoka wapi, nani mwenyewe, nani nahodha wake, kimepakia shehena gani, na wamo wafanyabiashara gani na watu gani wengineo. Habari zote hizo zikakusanywa na kupelekwa kwa sultani, ambaye aliwapa makao wale aliowaona wanastahili. Mfanyabiashara alishuka pwani akiwa mgeni wa mwenyeji mmoja wa mji, aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka, ilhali Ibn Battuta mwenyewe, ilipojulikana kuwa ni mtu wa elimu ya sheria, alipelekwa kwa kadhi. Atakayeyalinganisha maswali ya mashua ile na maswali ya leo ataona kwamba hayakubadilika sana: wewe ni nani, umetoka wapi, umekuja kwa kazi gani, utafikia kwa nani. Kilichobadilika ni mahali pa kuulizia na yule anayeuliza. Msafiri wa zama zile aliulizwa akiwa amekwisha fika, na aliyemuuliza alikuwa akimtazama usoni.

Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea kwisha, karatasi ya safari ilikuwa imekwisha kuwa jambo la kushindaniwa na dola kubwa. Wenye majahazi wa Sur, huko Omani, ambao vyombo vyao vilikuja Unguja na bandari nyinginezo za pwani kwa pepo za kaskazi, walikuwa wakichukua hati na bendera za Ufaransa, kwa kuwa chombo chenye hati hizo kiliepukana na kupekuliwa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwasaka wafanyabiashara wa watumwa. Uingereza na Ufaransa zilibishana juu ya jambo hilo hata shauri likafikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo tarehe 8 Agosti 1905 iliamua kwamba tangu tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa tena na haki ya kuwapa raia wa Sultani wa Maskati bendera yake, isipokuwa wale waliothibitika kuwa chini ya himaya yake tangu kabla ya mwaka 1863. Hivyo baharia wa Sur, ambaye babu zake walisafiri kwa kujua nyota na pepo, alijikuta uhuru wake wa kupita baharini ukijadiliwa katika mji ambao hakupata kuuona, kwa sababu ya karatasi aliyoichukua mkononi.

Vita Kuu vya kwanza ndivyo vilivyoifanya karatasi hiyo kuwa faradhi kwa takriban kila msafiri. Kabla ya mwaka 1914 watu wengi wa Ulaya walivuka mipaka ya dola zao bila ya pasipoti; vita vikaleta hofu ya majasusi na watoro, serikali zikadai pasipoti na viza, na amani iliporejea hazikuziacha. Shirikisho la Mataifa liliitisha mkutano mjini Paris mwezi wa Oktoba 1920, wajumbe wakakubaliana juu ya pasipoti ya namna moja, kijitabu cha kurasa 32, huku wakitaraji kwamba vizuizi hivyo vitaondolewa hali ya dunia itakapotengemaa. Taraja lao halikutimia, na tangu wakati huo swali la bandarini likawa laulizwa katika ofisi ya ubalozi, mbali na nchi inayokusudiwa, na jibu lake likapigwa muhuri ndani ya kijitabu.

Ndege zilipoongezeka na nauli zikashuka, balozi zilizidiwa na foleni, na serikali zikaanza kutafuta wasaidizi nje ya ofisi zao. Mwaka 1987 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuyatoza mashirika ya ndege na ya meli pauni 1,000 kwa kila abiria waliyemleta bila ya hati zilizotakiwa, na kwa sheria za namna hiyo karani wa shirika la ndege, aliyeajiriwa kupima mizigo na kugawa viti, alitwikwa kazi ya mlinzi wa mpaka. Bila ya hatua hiyo idhini ya mtandaoni isingalifaa kitu, kwa maana amri ya kumzuia msafiri asiondoke ina nguvu pale tu anapokuwapo mtu wa kuitekeleza katika uwanja wa ndege anakotokea.

Nchi ya kwanza kuujenga utaratibu wenyewe kwa kompyuta ilikuwa Australia, mwaka 1996. Kwa sheria za nchi hiyo takriban kila mgeni hudaiwa viza, na Sydney ilikuwa ikijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000. Basi serikali ikaona njia ya kutimiza sheria bila ya kumchosha mtalii. Wakala wa safari au karani wa shirika la ndege aliingiza habari za pasipoti katika kompyuta ile ile aliyokatia tiketi, jibu likarudi kwa muda mfupi, na pasipoti haikubandikwa chochote. Ruhusa ikaishi katika kumbukumbu za serikali, imefungamana na nambari ya pasipoti, wala msafiri hakuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa pasipoti yake.

Marekani iliifikia njia hiyo kwa kusukumwa na hofu. Tangu mwaka 1986 ilikuwa na sheria ya kuwasamehe viza raia wa nchi ilizoziamini, Uingereza ikiwa ya kwanza kuingizwa mwaka 1988 na Japani ikifuata mwaka huo huo. Mgeni alijaza fomu ndani ya ndege, akaikabidhi kwa afisa alipotua. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, na baada ya Desemba ya mwaka huo, ambapo Richard Reid, raia wa Uingereza, alijaribu kulipua ndege iliyotoka Paris kwenda Miami kwa baruti aliyoificha katika kiatu, watunga sheria walitambua kwamba fomu inayosomwa ndege ikiwa imekwisha tua haiwezi kuzuia lolote. Sheria ya mwaka 2007 ikaagiza kila msafiri aliyesamehewa viza achunguzwe kabla ya kupanda, na kuanzia tarehe 12 Januari 2009 idhini iitwayo ESTA ikawa lazima. Mwanzo haikuwa na malipo. Mwaka 2010 ikatozwa dola 14, mwaka 2022 dola 21, na mwishoni mwa Septemba 2025 dola 40. Nchi nyingine zilifuata: Kanada mwaka 2016, New Zealand mwaka 2019, Korea ya Kusini mwaka 2021, na Umoja wa Ulaya, uliopitisha kanuni yake mwaka 2018, umeahirisha kuitekeleza mara kadhaa.

Uingereza nayo iliuanza utaratibu huu na watu wa Ghuba, wakiwamo Waomani, ambao baadhi yao wana ukoo na Unguja na Pemba na hata leo huzungumza Kiswahili majumbani mwao. Tangu mwaka 2014 raia wa Omani alisamehewa viza ya Uingereza kwa kujaza fomu ya mtandaoni kwa kila safari. Mwezi wa Februari 2024 alibadilishiwa idhini mpya, ya miaka miwili, inayofaa kwa safari nyingi, kwa ada ya pauni 10. Kwake yeye mabadiliko hayo yalikuwa nafuu ya dhahiri. Lakini Mfaransa au Mjerumani, aliyekuwa akivuka bahari kwenda London bila ya kumwomba mtu ruhusa, aliwajibishwa idhini hiyo hiyo kuanzia tarehe 2 Aprili 2025, na wiki iliyofuata ada ikapanda kuwa pauni 16. Kwake yeye mambo yale yale yalikuwa mzigo mpya. Hapa ndipo penye kiini cha historia hii: idhini moja humpunguzia mtu mmoja na humzidishia mwingine, na haiwezekani kuihukumu pasipo kuuliza msafiri alikuwa katika hali gani kabla yake.

Kenya imetupa mfano ulio karibu nasi zaidi. Baada ya kuhamishia maombi ya viza mtandaoni tangu mwaka 2015, serikali ilitangaza, kwa kinywa cha Rais William Ruto katika sherehe za Jamhuri za tarehe 12 Desemba 2023, kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayedaiwa viza ya Kenya, na kwamba mahali pake pangechukuliwa na idhini ya mtandaoni, kwa ada ya dola 30. Kwa Mmarekani au Mwingereza aliyezoea kulipia viza, mlango ulifunguliwa. Kwa Mwafrika wa nchi ambayo raia wake waliingia Kenya bila ya viza wala ada, mlango uliokuwa wazi ulitiwa kizingiti. Malalamiko hayakukawia, na ada ikaondolewa kwa nchi zilizokuwa na mapatano ya kufutiana viza, miongoni mwao Afrika ya Kusini, Msumbiji na Komoro. Hatimaye, mwezi wa Januari 2025, Baraza la Mawaziri likaamua kuwasamehe idhini hiyo raia wa takriban nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya. Rwanda, kwa upande wake, ilikuwa imetangaza mwezi wa Novemba 2023 kwamba Mwafrika yeyote ataingia bila ya malipo. Tanzania ilianzisha viza ya mtandaoni mwishoni mwa mwaka 2018, nayo ni viza kamili, iliyobadilika njia ya kuiomba tu.

Kuna jambo moja ambalo sifa za wepesi wa mtandao zisitusahaulishe. Katika orodha ya nchi zinazosamehewa viza na Marekani hamna hata nchi moja ya Afrika, na mtu wa Lamu anayesafiri kwa pasipoti ya nchi yake kwenda London au New York kwa wiki moja bado hupaswa kukusanya hati za benki na za kazi, kutoa alama za vidole, na kungoja kwa siku nyingi jibu lisilo na hakika. Hata yule aliyekwisha pata uraia wa Ulaya haepukani daima na asili yake: sheria ya Marekani humnyima idhini ya mtandaoni, na kumrudisha ubalozini kuomba viza, Mwingereza aliyekwenda Somalia au Yemen tangu tarehe 1 Machi 2011, hata akiwa alikwenda Barawa kumtazama shangazi yake mgonjwa. Fauka ya hayo, aliyenyimwa ESTA hana mahakama ya kukatia rufani. Ataelekezwa kuomba viza, na huenda asijue kamwe ni kosa gani lililoonekana kwake.

Mintarafu ya msafiri mwenyewe, wajibu wake si mgumu akiutimiza mapema. Aombe idhini kabla ya kulipia nauli ikiwezekana, na kwa vyovyote asingoje siku tatu za mwisho. Aandike jina lake na nambari ya pasipoti kama zilivyo katika kijitabu, bila ya kuchanganya herufi O na sifuri. Ajue kwamba akibadilisha pasipoti, idhini iliyofungamana na ile ya zamani haimfai tena. Atumie tovuti ya serikali yenyewe, maana wako madalali wengi wanaojifanya serikali na kutoza mara kadhaa ya ada halali. Na akumbuke kwamba idhini humruhusu kupanda chombo tu, na neno la mwisho la kuingia li kwa afisa wa uhamiaji atakayemkuta huko.

Lakini wajibu mkubwa zaidi uko kwa serikali, zetu na za wenzetu. Kila dola ina haki ya kujua nani anakuja kwake, na haki hiyo Sultani wa Mogadishu aliitumia bila ya kumdhalilisha mgeni, kwa kuwa aliyeulizwa alikuwa na mtu wa kumjibu na mwenyeji wa kumdhamini. Serikali za leo zimeichukua haki ya kuuliza na kuuacha wajibu wa kusikiliza. Zikitaka idhini ya mtandaoni iwe ya insafu, na ziweke ada isiyozidi gharama ya kazi yenyewe, zimweleze aliyenyimwa sababu ya kunyimwa, na zimpe afisa aliye hai wa kumpelekea udhuru wake. Na nchi za Afrika, zinazolalamikia milango ya wengine, na zianze kwa kuwaondolea Waafrika wenzao malipo na maombi yote wanapotembeleana kwa siku chache.