Nani Ameshika Hazina ya Risasi?

Magazini ya bunduki na Hazina ya serikali ni ndugu wa ukoo mmoja. Yote mawili yanatoka kwenye mzizi wa Kiarabu unaohusu kuweka akiba. Neno moja lilitufikia kupitia Pwani. Lingine lilizunguka Ulaya kwanza, kisha likaja huku na bunduki zenyewe. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza digrii ya historia, lakini tabia ya kufuata neno mpaka lilikozaliwa haijaniacha. Hili lilinipeleka kwenye ubishi wa zamani wa wawindaji: magazini iwe ya kuchomoka, au iwe imejengewa ndani ya bunduki?

Unaweza kudhani huo ni ubishi wa mafundi tu. Lakini ukiufuatilia, unakuta swali lilelile linaloulizwa juu ya hazina yoyote: akiba inakaa wapi, na nani ameruhusiwa kuigusa?

Tuanze na chuma chenyewe. Magazini ya kujengewa imefichwa ndani ya ubao wa bunduki. Unafungua bolti, unasukuma risasi moja moja kutoka juu, basi. Haianguki, haisahauliki nyumbani. Ile ya kuchomoka ni kisanduku: unabonyeza kitufe, kinatoka na risasi zake zote, unapachika kingine. Ni haraka, ni safi. Ila kikipotea porini, bunduki yako ya bei kali inageuka kuwa ya risasi moja.

James Paris Lee, Mskoti aliyekulia Kanada na kuhamia Marekani, alipata hataza ya kisanduku cha kuchomoka mwaka 1879. Jeshi la Uingereza likauchukua mtambo wake mwaka 1888 katika bunduki ya Lee-Metford, mama wa ile Lee-Enfield ya .303 ambayo babu zetu wa KAR walikuja kuibeba. Sasa sikia walichofanya. Walichukua magazini inayochomoka, halafu wakaifunga kwenye bunduki kwa kiungo cha chuma ili askari asiipoteze. Kisha wakaongeza kibati cha kuziba magazini, ili askari apige kwa kutia risasi moja moja kwa mkono, na akiba ibaki hapo chini ikisubiri hatari kubwa. Wakubwa waliogopa kwamba mwanajeshi mwenye risasi nyingi atazimaliza ovyo. Yaani walimpa hazina, wakaweka na kufuli. Kibati hicho kilianza kuachwa mwaka 1916, katikati ya vita vikuu, wakati viwanda vilihitaji kutengeneza bunduki haraka.

Mjerumani Paul Mauser alichukua njia nyingine. Bunduki yake ya 1898 hubeba risasi tano, zimepangwa kwa kupishana ndani ya ubao, na chini hakuna kitu kinachochomoza. Wawindaji waliipenda hadi leo. Sababu moja ni ndogo lakini ina uzito. Risasi inaingia chemba ikiongozwa na kingo mbili zinazoitwa midomo. Kwa Mauser, midomo hiyo imechongwa kwenye chuma kizito cha bunduki yenyewe. Kwa kisanduku cha kuchomoka, mara nyingi ni bati jembamba. Kiangushe kwenye mwamba, mdomo ukipinda kidogo tu, risasi inakwama. Ukiwa unalenga swara, utatukana tu. Ukiwa mbele ya nyati aliyejeruhiwa, hapo ni mambo mengine.

Mskoti W. D. M. Bell, aliyepewa jina la utani la Karamoja kwa sababu ya ndovu aliowamaliza kule Uganda, aliua zaidi ya ndovu elfu moja maishani. Wengi aliwapiga kwa Rigby ya .275, bunduki nyepesi yenye mtambo wa Mauser na magazini ya ndani. Hesabu hiyo inanichukiza, sifichi. Lakini inatuonyesha kitu: kwa mtu aliyetembea kwa miguu miezi na miezi, wepesi wa kubadilisha kisanduku haukuwa na maana kubwa kama kutopoteza kitu.

Aprili 1909, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Wawili hao waliua wanyama 512. Roosevelt alikuwa na Springfield na Winchester ya 1895, zote zikiwa na magazini za kudumu. Pia alikuwa na Holland & Holland ya mitutu miwili, ya wanyama wakubwa. Hii ya tatu haina magazini kabisa. Risasi mbili, mwisho.

Basi akiba ilikuwa wapi? Ilikuwa mikononi mwa mtu. Kitabu cha Roosevelt kinawataja wabeba bunduki wake, Muhamed na Bakari. Kazi ya mbeba bunduki ilikuwa kusimama karibu na mzungu, mnyama akija mbio, akiwa ameshika bunduki ya pili iliyojaa tayari, na kuitoa kwa wakati. Asikimbie. Na kwa desturi ya safari zile, asiifyatue yeye. Mnyama alikuwa wa mwenye leseni. Wewe fikiria hilo: unashika silaha iliyojaa, faru anakujia, na kazi yako ni kumpa mwingine. Nikisoma mabishano ya magazini, hao ndio ninaowaona. Magazini ya kwanza ya kuchomoka katika uwindaji wa Kenya ilikuwa binadamu.

Kisha gari likaja, na hesabu ikabadilika. Mwindaji anayepanda na kushuka garini mara kumi kwa siku haogopi sana kupoteza kisanduku. Anaogopa risasi iliyosahaulika. Kwa kisanduku, unakichomoa, unakagua chemba, unaingia. Leo bunduki nyingi za kiwandani za bei nafuu zinauzwa na visanduku vya plastiki, na kwa anayewinda paa Ulaya, hicho kinatosha kabisa. Ukiniuliza, ningemshauri hivyo hivyo: gari na mnyama mpole, kisanduku, na cha pili mfukoni. Miguu, kichaka na nyati, magazini ya ndani.

Kwetu ubishi huu ulikufa Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikurudisha uwindaji wa michezo. Ndiyo maana kijana wa Nairobi anaweza kuishi bila kujua tofauti ya hizi mbili, na sioni hasara. Hasara naiona kwingine. Bunduki za safari zimehifadhiwa, zina namba, zina majina ya kiwanda, zinauzwa kwa mnada kwa mamilioni. Mtu anaweza kukueleza skrubu moja ya Rigby ilichongwa wapi. Jaribu kumuuliza jina la pili la Bakari.