"Leave" kwa Kiswahili ni Nini? Historia ya Kuacha, Kuaga na Kuondoka

Utangulizi

Ndugu mwalimu, waandikie wanafunzi wako ubaoni sentensi hizi nne za Kiingereza: "She left." "She left him." "She left him a house." "She is on leave." Waambie wazitafsiri kwa Kiswahili. Aghalabu utakuta madaftari mengi yamejaa kitenzi kimoja tu, kuacha, kana kwamba Kiswahili hakina kingine. Tafsiri zinazofaa ni hizi: Aliondoka. Alimwacha. Alimwachia nyumba. Yuko likizoni. Kiingereza kimetumia umbo moja. Kiswahili kimetaka mashina matatu, na shina moja kati ya hayo likanyambuliwa.

Wapo wanaouona wingi huu wa maana kuwa ni utajiri wa Kiingereza. Wengine huuona kuwa ni fujo. Makala haya yanadai kuwa si hili wala lile. Ni suala la historia, na anayeifahamu historia hiyo atasoma vizuri zaidi hata riwaya na tendi za Kiswahili. Kwani katika fasihi, swali la "nani aliondoka?" ni jepesi. Swali zito ni: aliondoka kwa namna gani, kwa ruhusa ya nani, na alimwacha nani?

Chimbuko la neno la Kiingereza

Umbo "leave" tunaloliona leo ni maneno mawili ya kale yaliyokuja kufanana. Neno la kwanza lilikuwa kitenzi cha Kiingereza cha Kale, "læfan". Maana yake ya awali haikuwa kwenda. Ilikuwa kukifanya kitu kibaki, yaani kubakiza, na pia kurithisha. Kitenzi hiki kina udugu na "bleiben" cha Kijerumani, ambacho hadi leo maana yake ni kubaki, na vilevile na neno la Kiingereza la uhai, "life". Anayekufa hubakiza mali. Anayesafiri hubakiza nyumba na watu. Polepole, katika Kiingereza cha karne za kati, macho ya wasemaji yalihama kutoka kwa kilichobaki yakamwelekea anayekwenda. Ndipo kitenzi cha kubakiza kikawa kitenzi cha kuondoka.

Neno la pili lilikuwa nomino, "lēaf", na maana yake ilikuwa ruhusa. Hili lina ukoo na "love" na "believe", yaani penda na amini: ukimridhia mtu, unamruhusu. Kutokana nalo Kiingereza kikapata msemo "take leave". Hapo mwanzo msemo huu ulihusu kupokea ruhusa ya kuondoka mbele ya mwenyeji au mkubwa, kisha ukawa na maana ya kuaga tu. "Leave" ya mfanyakazi, yaani likizo, nayo imetoka katika ruhusa hiyo hiyo.

Kwa hivyo mtahiniwa anayeona maana kumi za "leave" aanze kwa kuzigawa katika mafungu mawili: zile za kubakiza na zile za ruhusa. (Majani ya mti, "leaves", ni neno jingine kabisa, na "left" ya mkono wa kushoto pia haimo katika ukoo huu.)

Kiswahili kilivyogawa kazi

Ambapo Kiingereza huongeza vihusishi baada ya kitenzi, Kiswahili hutumia mnyambuliko. Chunguza kitenzi acha:

(a) acha – sitisha au bakiza: Ameacha pombe. Ameacha mzigo stesheni.
(b) achia – bakiza kwa ajili ya mwingine: Babu alituachia shamba.
(c) achilia – fungua, toa kizuizini: Polisi walimwachilia mshukiwa.
(d) achisha – sababisha mwingine aache: Alimwachisha kazi. Alimwachisha mtoto ziwa.
(e) achana – tengana, au jiepushe: Wameachana. Achana naye.
(f) achwa – tendwa: Ameachwa na mumewe. Ameachwa na gari.

Zaidi ya hayo, acha hubeba hata ile maana ya ruhusa: "Mwache aende" ni sawa na kusema "Mruhusu aende". Hata hivyo, acha hakijigeuzi kuwa ondoka. Mtu akisema "Ameacha", utamwuliza mara moja: ameacha nini? Kitenzi hiki kinadai shamirisho, kitajwe au kieleweke, kwa sababu jicho lake liko kwa kilichobaki. Ondoka na toka hutazama mwendo. Toka hutaka kujua mahali palipoachwa. Ondoka hutosheka na tendo lenyewe. Kwa njia hii Kiswahili kimehifadhi wazi tofauti ambayo Kiingereza kiliiunganisha karne nyingi zilizopita.

Tofauti hii ina uzito katika maisha. Pwani yetu, "Mume wangu ameondoka" ni habari ya safari. "Mume wangu ameniacha" ni habari ya talaka, na huenda ikafika mbele ya kadhi. "Mume wangu ameniacha na watoto watatu" yaweza kuwa habari ya kutelekezwa au ya msiba, na ni muktadha tu utakaoamua. Mwanafunzi anayebadilisha vitenzi hivi ovyo hajakosea sarufi tu. Amembadilishia mtu hali yake ya ndoa.

Kuaga: ruhusa ya heshima

Kiswahili kina kitenzi kinacholingana kwa karibu sana na "take leave", nacho ni aga. Mgeni wa Kiswahili hainuki tu akaenda zake. Husema, "Naomba kuaga", na mwenyeji humjibu kwa kumtakia safari njema au kumkaribisha tena. Ombi na jibu ni sehemu mbili za tendo moja. Anayeondoka bila kuaga amevunja kitu, hata kama hajachukua chochote.

Tazama uzao wa kitenzi hiki: agana, agano, agiza, agizo. Walioagana wameachana kwa wema, na pia wamewekeana ahadi. Kwa hivyo tunaposema fulani ameaga dunia, tunampa marehemu heshima ya mgeni aliyeinuka kwa adabu. Hatusemi kuwa ametoroka dunia.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, ni mfano bora. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake wasia. Hapo maana za kale za "leave" zinakutana zote katika tendo moja la Kiswahili: mama anaondoka, anaaga, na anabakiza. Anachobakiza ni maneno. Mwanafunzi akiusoma utendi huu kama orodha ya amri kwa mke, ameona nusu tu. Ni urithi wa mama anayejua kwamba hatakuwapo.

Ruhusa kazini: kutoka kipande hadi likizo

Neno likizo limetokana na kitenzi likiza, ambacho pamoja na kumpa mtu nafasi ya kupumzika, hutumika pia kwa kumwachisha mtoto ziwa. Ni neno la upole. Lakini historia ya kuondoka kazini nchini Kenya haikuwa ya upole.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na utekelezaji wake ukashika kasi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume aliyehusika alipaswa kuchukua kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mwajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi na siku ya kumalizika kwake. Mfanyakazi aliyeondoka bila mwajiri kutia sahihi alihesabiwa kuwa mtoro, na angeweza kusakwa na kushtakiwa. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande mwaka 1921. Mwaka 1947 ikaja sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Angalia maneno: kuacha kazi, kuachishwa kazi, kuomba ruhusa, kutoroka. Mwendo ni ule ule, mtu anatoka shambani kwa mzungu akaelekea kwao. Kinachobadilika ni mwenye mamlaka juu ya mwendo huo. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo. Kilichokuwa hisani ya bwana kimekuwa haki.

Kuondoka katika riwaya

Sasa rudi kwenye vitabu ambavyo vimewahi kutahiniwa. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Bi Tamima na bintiye Maimuna wote wawili wanatoka katika nyumba ya Bwana Maksuudi. Mtahiniwa anayeandika kwamba "Tamima na Maimuna waliondoka" hajasema uongo, lakini hajasema lolote. Tamima aliachwa kwa talaka: yeye ni mtendwa, na mwenye kutenda ni mume. Maimuna alitoroka kifungo cha utawa: yeye ni mtenda, na alikwenda bila ruhusa. Hapo kauli ya kitenzi inakuwa hoja ya uhakiki, kwani inafichua nani ana nguvu na nani hana.

Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, Zainabu Makame anaaga dunia na kumwacha mwanawe Kongowea, naye Kongowea baadaye anaondoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya. Kuachwa ndiko kunakozaa kuondoka. Anayeelewa uhusiano huo ameushika uti wa mgongo wa riwaya.

Hitimisho

Mwalimu, usimfundishe mwanafunzi kwamba "leave" ni "acha". Mfundishe kuuliza: Kuna kilichobaki? Basi tumia acha au achia. Kuna mwendo tu? Tumia ondoka au toka. Kuna ruhusa? Tafuta aga, ruhusa au likizo. Ruhusa imekosekana? Hapo kuna kutoroka. Nawe mtahiniwa, chukua maswali hayo hayo uingie nayo katika karatasi ya fasihi. Yatakufaa kila mhusika anapovuka kizingiti.

Maswali ya marudio

1. Tunga sentensi kubainisha maana ya: achia, achilia, achisha, achana.
2. "Aga na agano ni ndugu." Fafanua.
3. Kwa kurejelea riwaya uliyoisoma, linganisha mhusika aliyeachwa na mhusika aliyetoroka. Onyesha jinsi kila mmoja anavyodhihirisha suala la mamlaka.