Behewa dogo la shaba: linavyojengwa, na kwa nini la reli ya Mwanza lianze na tepu ya kupimia

Shinyanga. Wengi waliokulia karibu na reli wamewahi kutengeneza treni ya makopo ya sadini, mabehewa yamefungwa waya moja nyuma ya jingine. Uingereza na kwingineko Ulaya kuna watu wazima wanaocheza mchezo huohuo, ila kwa vipimo vya sehemu za milimita. Wananunua bamba jembamba la shaba ya njano lenye vipande vyote vya behewa, wanakata, wanakunja, wanalehemu na kupaka rangi, mpaka linatoka behewa dogo linalotembea kwenye reli yake.

Kazi hii inawezekana kabisa Shinyanga, Kahama au Geita. Vifaa vingi vipo mezani kwa fundi simu.

Tatizo ni kwamba seti zinazouzwa kwa kawaida ni za mabehewa ya kwao. Ukitaka behewa la reli ya Tabora hadi Mwanza, reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, inabidi uchore mwenyewe, na huwezi kuchora bila kupima behewa halisi. Mabehewa ya zamani yanazidi kuchoka huku SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ikijengwa. Behewa likishakatwa likawa skrepa, umebaki na picha za kwenye simu tu.

Pima kabla ya kununua chochote

Kwa wa Kahama, stesheni ya karibu ni Isaka. Aliyeko Geita mjini reli haimfikii, kwa hiyo safari yake ya kupima ni ya Mwanza. Popote utakapoenda, anza na stesheni masta, mweleze unachofanya na uombe ruhusa. Usiingie chini ya behewa, hata kama limesimama pale tangu asubuhi.

Unachohitaji ni urefu wa bodi, upana, kimo cha madirisha kutoka sakafuni, upana wa milango, na umbali kati ya katikati ya bogi moja na katikati ya bogi nyingine. (Fundi wa reli akisema bogi anamaanisha ile fremu ya magurudumu chini, sio behewa zima kama abiria wengi tunavyosema.) Piga picha ukiwa umesimama sawa na ubavu wa behewa, sio kwa pembe, na weka kijiti chenye urefu unaoujua ndani ya picha. Kijiti hicho kitakuokoa ukigundua nyumbani kwamba kuna kipimo umesahau. Na utasahau.

Ukifika Nairobi, Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971 yana magari ya enzi za reli ya pamoja ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Lipo hata lile behewa ambalo simba alimvuta humo afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima, mwaka 1900.

Hesabu ya skeli

Skeli inayotumika sana duniani ni 1:87, yaani unagawa kila kipimo kwa 87. Behewa la mita 18 linakuwa na sentimita 20.7 hivi. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ambayo ikigawanywa inatoa 11.5, kwa hiyo wachezaji hutumia reli ya milimita 12. SGR yenye milimita 1,435 inatoa 16.5.

Sasa angalia hii: TAZARA ina milimita 1,067, na ukigawa kwa 87 unapata 12.3. Nayo inaingia kwenye reli ileile ya milimita 12. Pale Kidatu mzigo lazima uhamishwe kutoka treni moja kwenda nyingine kwa sababu ya tofauti ya milimita 67. Mezani kwako treni zote mbili zinapita bila shida.

Bamba linavyochimbwa

Vipande havikatwi kwa mkasi. Mchoro huchapwa kwenye filamu, bamba la shaba la unene wa milimita 0.25 hadi 0.4 hupakwa utando unaoshika mwanga pande zote mbili, kisha huangaziwa taa ya urujuanimno. Sehemu iliyokingwa na utando inabaki, na iliyo wazi inaliwa na kemikali, mara nyingi feriki kloraidi. Saketi ya simu yako ilitengenezwa kwa mtindo unaofanana na huo.

Kemikali ikila kutoka pande zote mbili, inatoboa: hapo umepata dirisha. Ikila upande mmoja tu, inaishia katikati ya unene: hapo umepata mstari wa kukunjia, au alama ya mlango. Mchoraji anaamua yote hayo kwenye kompyuta. Kwa hiyo ukichora mwenyewe, tuma faili kwa kampuni inayofanya kazi hiyo na usome masharti yao ya unene wa mistari kwanza. Ushauri wangu ni usijaribu kemikali hiyo jikoni. Inakula sinki, inatia madoa yasiyotoka, na maji yake machafu yana shaba ambayo hutaki iende mtaroni.

Kata, kunja mara moja

Vipande hushikiliwa kwenye bamba na vishikizo vidogo. Weka bamba juu ya kitu kigumu, kata kishikizo kwa kisu chenye ncha imara, kisha lainisha kwa tupa ndogo. Ukining'iniza bamba hewani ukakata kwa koleo, kipande kinapinda na hakinyooki tena vizuri.

Kukunja kuna sheria moja: mstari uliochimbwa unakaa ndani ya kona. Bana kipande kati ya vyuma viwili vilivyonyooka, sukuma kwa rula ya chuma urefu wote kwa pamoja, na usirudie. Pale kwenye mstari shaba imebaki nusu ya unene wake, ukiikunja na kuikunjua mara mbili tatu inakatika. Ndiyo maana kona ikishakaa sawa, hupitishwa risasi ya kulehemu ndani yake ili ipate nguvu.

Joto ndiyo kazi yenyewe

Hapa watu wa ukanda wa dhahabu wanaweza kudhani sonara ndiye mwalimu. Nusu ni kweli. Sonara anajua kusafisha, anajua boraksi, anajua kutopasha zaidi ya inavyohitajika. Lakini moto wake unapita nyuzi 600, na bamba la milimita 0.3 litajipinda kama jani kavu. Mwalimu wa karibu zaidi ni fundi simu.

Tofauti ni kwamba shaba inakunywa joto. Ncha nyembamba ya pasi ya kulehemu, ile ya kugusa chipu, ikigusa ubavu wa behewa inapoa palepale na risasi inabaki mabonge. Tumia ncha pana, pasi ya wati 50 au zaidi. Sugua shaba kwa msasa laini mpaka ing'ae, paka dawa ya kulehemu, paka risasi kidogo kwenye kila kipande peke yake, kisha vibane pamoja na upashe tena. Risasi ikiyeyuka inakimbilia yenyewe kwenye mwanya.

Ubavu mrefu usiulehemu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upande uliopashwa unarefuka, usiopashwa haurefuki, na behewa linatoka na tumbo. Gusa katikati, gusa ncha moja, gusa ncha nyingine, kisha jaza katikati ya hizo nukta kidogo kidogo, ukiacha ipoe.

Kitu kinachowakatisha tamaa wengi ni hiki: unalehemu kishikio cha mlango, halafu kona uliyotengeneza jana inaachia. Suluhisho ni risasi za viwango tofauti. Bodi hulehemiwa kwa waya wa kawaida wa bati na risasi, unaoyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190 hivi. Vitu vidogo hulehemiwa kwa inayoyeyuka kwenye nyuzi 145. Vipande vya kuyeyushwa vya metali laini hutumia ya nyuzi 70, maana joto la juu huviyeyusha vyenyewe. Waya usio na madini ya risasi unahitaji nyuzi 217 hadi 227, kwa hiyo ukiutumia, uwe wa kwanza.

Kuhusu usalama, wengi huku tunaijua zebaki na moshi wake. Risasi ni tofauti. Kwenye joto hili haigeuki mvuke, moshi unaouona ni wa dawa ya kulehemu, nao unawasha mapafu, kwa hiyo fungua dirisha. Sumu ya risasi inaingia kwa mikono: umeshika waya, umeshika chapati. Nawa kwa sabuni, na usifanyie kazi kwenye meza ya kulia wala karibu na watoto.

Kila jioni osha behewa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Dawa yenye asidi ikilala juu ya shaba, asubuhi unakuta ukungu wa kijani.

Rangi na magurudumu

Rangi huanza na praima ya kushika metali, kisha matabaka mepesi. Vioo vya plastiki viwekwe mwisho kabisa, baada ya rangi kukauka.

Kabla ya kuweka behewa relini, kuna kipimo kimoja. Treni hizi hupata umeme kupitia reli mbili, na behewa lako ni shaba tupu. Gurudumu moja la kila ekseli lazima litengwe kwa plastiki. Weka mita ya fundi simu gurudumu la kushoto na la kulia, bogi zote mbili. Ikilia, kuna shoti: chomoa ekseli moja moja mpaka inyamaze, na ile ya mwisho uliyochomoa ndiyo ya kurekebisha.