Kihamba, Rika na Mahakama: Nani Alimrudi Kijana wa Kilimanjaro

Wizi wa migomba unapozidi, au vijana wanapoonekana wamelewa kabla ya saa sita mchana, huko Old Moshi, Kibosho na Marangu husikika kauli moja kuanzia mikutano ya vijiji hadi mimbari za makanisa: vijana wameacha mila. Kauli hiyo ina ukweli wake, ila inaishika hadithi kwa mkia. Inachukulia kwamba mila ilikuwa mafundisho tu, na kwamba yakifundishwa upya kijana atanyooka. Kumbukumbu zilizoandikwa juu ya Wachagga wa Kilimanjaro zinaonyesha vingine. Mafundisho yalikuwapo, tena ya kina, lakini kilichompa kijana sababu ya kuyasikiliza ni ardhi. Aliyekuwa na haki ya kumrudi ndiye aliyekuwa na kihamba, shamba la migomba la familia, cha kumpa. Historia ya haki ya watoto na malezi ya vijana mlimani, tangu enzi za wamangi, watawala wa Kichagga, hadi kwa afisa ustawi wa jamii wa leo, kwa sehemu kubwa ni historia ya kazi moja iliyopita mikono mingi, na kila ilipopokezwa, aliyeipokea alikuwa na kidogo zaidi cha kumpa kijana kuliko aliyemtangulia.

Tunayajua malezi ya zamani kwa urefu kwa sababu wapo waliokaa kuyaandika. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alifika mlimani mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kizito juu ya sheria za Wachagga, kisha katika miaka ya 1930 juzuu tatu za mafundisho waliyopewa vijana. Otto Raum, mwana wa mmisionari aliyefanya kazi hukohuko, alitoa mwaka 1940 kitabu juu ya utoto wa Mchagga, kuanzia michezo hadi adhabu. Humo tunakutana na mregho, fimbo iliyochongwa alama ambazo mwalimu alizipitia moja baada ya nyingine, kila alama na somo lake, yakiwemo masomo ya uzazi na kukua kwa mimba. Mafundisho hayo hayakuwa ya mtu mmojammoja. Kijana aliingia katika rika, na rika ndilo lililoitwa kuchimba na kusafisha mifongo ya maji, kumfanyia mangi kazi na kwenda vitani. Aliyekuwa mzembe aliwaangusha wenzake mbele ya macho yao. Wataalamu wa tabia za vijana siku hizi hutumia fedha nyingi kujenga makundi ya namna hiyo, ambayo mlimani yalikuwa sehemu ya kazi za kila mwaka.

Hata hivyo, mregho na rika havikusimama hewani. Chini yake kulikuwa na kihamba: migomba, zizi, makaburi ya mababu, na mpaka uliopandwa isale. Mwanasheria na mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, ambaye kitabu chake cha mwaka 1986 kinafuatilia sheria za kimila za Kilimanjaro kwa miaka mia moja tangu 1880, anaeleza utaratibu wa urithi ambao Mchagga yeyote anaujua bila kusoma: mtoto wa kiume wa kwanza alisaidiwa na baba kupata kihamba chake, wa mwisho alibaki na wazazi na kurithi nyumba yao, na wale wa kati walitegemea ardhi ambayo bado haikuwa na mwenyewe. Kila kijana aliyekuwa akirudiwa, basi, alikuwa pia anasubiri kupewa. Akiiba mbuzi wa jirani, aliyelipa ni baba au ukoo, na kwa malipo hayo ukoo ulipata neno juu ya mwenendo wake. Ukichoka kulipia mwizi sugu, ungeweza kumwacha, naye akabaki hana pa kulima wala wa kumtetea. Njia ya kurudi ilikuwepo. Aliyemkosea mzazi alikuja na jani la isale na kibuyu cha pombe ya mbege kuomba radhi, na jani hilo ni la mmea uleule uliopandwa kwenye mpaka wa kihamba alichotarajia kurithi. Msamaha na ardhi vilikaa pamoja.

Msomaji makini atauliza kama huku si kuupamba ukatili. Swali ni la haki. Charles Dundas, afisa wa Kiingereza aliyeandika juu ya mlima na watu wake mwaka 1924, anaeleza vyungu na kengele za kulaania, na hakuna sababu ya kudhani laana iliwapata wenye hatia peke yao. Mwenye mali ndiye mara nyingi aliyekuwa na sauti ya kulaani. Viboko vilikuwepo. Wasichana walipata mafundisho yao bila kupata kihamba, kwa hiyo mpango mzima wa utii kwa ahadi ya urithi uliwaacha nje, wakategemea kuolewa. Hakuna anayepaswa kutamani kurudishiwa hayo. Lakini ukatili hauondoi hoja, unaithibitisha: mfumo ulioweza kuumiza kiasi hicho ulikuwa na nguvu halisi, na nguvu hiyo haikutoka kwenye hekima ya wazee pekee. Anayetaka kuirudisha mila kwa semina anachukua maneno na kuacha kilichoyapa uzito.

Kukatika kwa mfumo huo kulianza juu. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine, na tangu hapo mangi aliyebaki alitawala kwa idhini ya mtu mwingine. Waingereza walipoleta utawala wa kupitia wenyeji, mangi alikuwa hakimu mwenye mshahara, na faini iliingia hazina ya utawala. Kosa la kijana lilianza kuwa la serikali, si deni kati ya kihamba na kihamba. Mwaka 1937 ikaja sheria ya watoto na vijana, iliyofuata mawazo ya Uingereza: mahakama ya watoto, shule ya maadilisho, uangalizi wa afisa. Miaka kumi baadaye ikatungwa sheria ya uangalizi wa wakosaji. Hapo ndipo kazi mpya ilipoingia nchini, ya mtu anayelipwa kufuatilia mwenendo wa kijana asiye wa ukoo wake. Kwa mtoto wa Mjerumani au Mwingereza wa mjini, ambaye ukoo wake ulishatawanyika zamani viwandani, kazi hiyo ilikuwa na maana. Mlimani ilikuta ukoo bado upo, ikaupita pembeni.

Wakati huohuo ardhi yenyewe ilikuwa inakwisha. Juu ilizuiwa na msitu wa hifadhi, chini na mashamba ya walowezi, na katikati watu waliongezeka. Sensa ya 1967 iliukuta Mkoa wa Kilimanjaro na watu karibu 650,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8, hata baada ya wengi kuhama. Baba mwenye nusu eka na wana watatu hana cha kumtishia wala kumwahidi yule wa kati.

Hapa ndipo penye pingamizi lililo zito kuliko yote. Watoto wa kati wa Uchagani hawakugeuka wezi. Walikwenda shule, wakafungua maduka Arusha, Dar es Salaam na Nairobi, na kila Desemba barabara ya kwenda Moshi hujaa magari yao. Kama uhaba wa kihamba ungekuwa chanzo cha utundu, mlima ungekuwa jehanamu ya Tanzania. Pingamizi hili ni kweli tupu, lakini tuangalie ni nini kilichowapeleka shule. Ni kahawa. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliipanda Kilema, wakulima wakaichukua, wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha za kahawa zililipa karo, na karo ikawa kihamba kipya: baba aliyelipa ada alikuwa na neno juu ya mtoto kama babu aliyegawa migomba. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, KNCU ikarudi miaka ya 1980, na mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipoporomoka bei nayo ikaanguka. Karo ikawa mzigo kwa baba aliyekuwa akiilipa kwa msimu mmoja wa mavuno. Miaka ya 1990 na 2000 ndiyo asasi kama Mkombozi na Kituo cha Amani zilipofungua milango Moshi kwa watoto wa mitaani. Sidai kwamba bei ya kahawa ilimtuma mtoto kulala stendi. Pombe, UKIMWI na ndoa zilizovunjika vilikuwa na sehemu yao. Ninachosema ni kwamba mamlaka ya mzazi iliambatana na alichokuwa nacho cha kutoa, kihamba kilipokuwepo, na ilipokuwa zamu ya karo pia.

Kuhusu pombe inafaa neno moja. Mbege ya ndizi na ulezi ilinywewa kwa mpangilio: mzee kwanza, na tambiko, na upatanisho. Kijana aliyenunua kiroba cha plastiki cha pombe kali kwa shilingi mia chache, mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017, alikunywa bila kuhitaji ruhusa ya mtu. Kumwita mlevi hakusaidii. Alikuwa anakunywa peke yake kitu ambacho babu yake alikinywa katika kundi lililomhesabia.

Leo kazi ya kumrudi kijana imekabidhiwa afisa ustawi wa jamii, ambaye huenda amesoma katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Sheria ya Mtoto ya 2009 ni nzuri kwa maandishi: mtoto ni aliye chini ya miaka 18, hafungwi jela, kesi yake husikilizwa faragha, na afisa huyo anatakiwa awepo mahakamani. Moshi ni moja ya miji michache yenye mahabusu ya watoto. Bado, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua mwaka 2011 iliwakuta watoto magerezani pamoja na watu wazima. Na mtoto wa Kirua au Rombo anayeamriwa shule ya maadilisho hupelekwa Irambo, Mbeya, upande wa pili wa nchi, mbali na kila mtu anayeweza kumpokea kwa jani la isale.

Watetezi wa sheria hiyo watajibu kwamba imeurudisha ukoo, maana hakimu hupata taarifa ya mazingira ya nyumbani na mtoto hukabidhiwa jamaa. Ni hatua. Ila taarifa inayosema baba yupo, nyumba ni ya matofali na bibi yuko tayari kumpokea haijasema kama kuna yeyote kati yao mwenye cha kumpa kijana huyo: sehemu ya kulima, ada ya chuo cha ufundi cha VETA, mtaji, hata ng'ombe wa kufuga kwa masharti. Afisa naye hana. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa vijana, inaanzia miaka 18 na hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa. Kijana wa miaka 16 anayerudi kutoka Mbeya hana umri huo wala kikundi, kwa sababu rika lake lilikwenda mbele bila yeye. Mangi wa zamani angeweza kumwonyesha kipande cha pori. Kama afisa ustawi angepewa neno katika mgawo wa mikopo hiyo, na nafasi kadhaa za ufundi za kutoa kwa masharti yake mwenyewe, angekuwa wa kwanza tangu wamangi kukaa mbele ya kijana mkaidi akiwa na kitu mkononi.